Maji Yaliyokatwa Mguu

Katika mwaka wa kwanza, na kule miaka yote ni ya kwanza kwa sababu kila anayekalia kiti huanza kuhesabu upya, mtawala alitangaza kwamba tangu siku ile jina lake ni Maji. Hakuna aliyewahi kumwona. Huenda alikuwa yule yule wa zamani aliyebadili jina kama mtu abadilivyo shati, huenda alikuwa mtoto mchanga, huenda kiti kilikuwa kitupu na tangazo likajiandika lenyewe. Hayo hayakumsumbua mtu. Lililowasumbua watu ni sheria, maana jina la mtawala halitamkwi na raia, haliandikwi likakamilika, halikanyagwi wala halifutwi. Basi neno likaondolewa midomoni. Sokoni wakaanza kuuza "kile cha mtungini". Mvua ikaitwa "hali". Mwanamke mmoja aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa aliomba kinywaji, mkunga akamletea pombe, kisha maziwa, kisha mchuzi, maana kila kinywaji kilikuwa na jina lake isipokuwa hicho alichokitaka, na yule mwanamke aliona haya kulitaja. Akafa midomo imekauka. Waliomzika walimsifu kwamba hata saa ile hakumvunjia mkubwa heshima. Walimsifu, wakarudi makwao wakala. Mambo ya kusikitisha yako mengi duniani na mtu huyazoea, lakini hili lilikuwa la kukera, na anayeweza kulisikia bila kukereka ajipime kama bado yu hai.

Suwen alizipata habari hizo akiwa mlimani, katika Nyumba ya Kunakili, ambako kazi ilikuwa moja tu: kukinakili Kitabu cha Bonde, andiko la watu wa Dao, wale wa kale waliofundisha kwamba dunia ina njia yake na kwamba mwenye akili hujifunza kwa kuvitazama vitu vinavyoteremka. Alikuwa mwanamke wa makamo, bega la kulia limeinama kidogo kama la wanakili wote, macho makali, maneno ya upole. Upole huo ndio uliowadanganya wengi.

Kunakili kwenyewe kulikuwa hivi. Karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu hulazwa juu ya nakala ya zamani mpaka herufi za chini zionekane, kisha mnakili hushika brashi wima, kiwiko hewani, na mkono wake hupita palepale ulipopita mkono wa aliyemtangulia. Herufi ya Kichina si alama ya sauti tu, ni mwendo. Ina mahali pa kuanzia, mahali pa kubonyeza, mahali pa kugeuza ncha, na mahali pa kuinua mkono polepole ili wino ufe wenyewe. Mnakili hubonyeza alipobonyeza mwenzake na huinuka alipoinuka. Hata tundu lililotobolewa na mdudu hulizungushia duara, kwa sababu si kazi yake kuamua lipi ni andiko na lipi ni mdudu. Nakala mpya ikishasomwa kwa sauti mbele ya watu na kukubaliwa, mnakili mwenyewe huitia ile ya zamani katika tanuri la maandishi lililo katikati ya ukumbi, maana karatasi yenye herufi haitupwi jalalani, huchomwa kwa heshima. Nchi nzima ilikuwa na nakala moja tu. Waliamini mbili zingegombana.

Nakala iliyolala mbele ya Suwen sasa ilikuwa ya mama yake, Lanyu. Mama hakuacha picha. Kaburi lake lilikuwa upande wa pili wa mlima, na upande huo asubuhi nyingine ulikuwepo na asubuhi nyingine haukuwepo. Kilichobaki cha Lanyu ni mwandiko ule. Suwen alikuwa ameusubiri maisha yake yote, kwa sababu ndani ya kazi ile hutokea jambo ambalo wanakili hawalizungumzi hadharani: ukifika katikati ya ukurasa hujui tena mkono ni wa nani. Kidole gumba kinakuwa cha mama. Uchovu ule kwenye mstari wa chini ni uchovu wa mama siku aliyokuwa na homa, na homa inakupanda wewe. Chini ya mama yupo aliyemfundisha, na chini yake mwingine, na wote wanainuka pamoja kwa mkono mmoja. Suwen alikuwa tayari kuichoma nakala ya mama kwa masharti hayo. Karatasi ingeteketea, mkono ungehamia kwake.

Hapo ndipo alipofika Mheshimiwa Renkai, mjumbe kutoka Ikulu, na kiti chake cha kukunja. Alikuwa mtu msafi mwenye sauti ya kubembeleza. Alikusanya wanakili akawasomea sheria kipengele kwa kipengele, kisha akaeleza, kwa lugha ya mtu anayekupa zawadi, kwamba Ikulu haikutaka kukiharibu kitabu. Hata kidogo. Kila penye herufi ya maji, mnakili angeacha tu kuandika mkato wa mwisho. Anayeukamilisha angekatwa kidole gumba cha mkono wa kuandikia. Nakala ya zamani, ambayo maji yake yalikuwa mazima, ingechomwa kama desturi inavyotaka. Mkato mmoja, alisema, nani anaweza kuugombania mkato mmoja?

Asiyeijua herufi hiyo aambiwe. Ina uti wa mgongo unaoshuka katikati na kuishia kwa ndoana. Ina bawa la kushoto. Kulia inaanza kwa kistari kifupi kinachoingia ndani, na kutoka hapo unateremka mguu wa kulia, mrefu, unaobonyezwa kisiginoni kisha kuachiwa polepole. Mguu huo ndio mwendo wote. Bila huo kuna nguzo na bawa, hakuna kinachokwenda popote. Na katika Kitabu cha Bonde herufi hiyo imo karibu kila ukurasa, kwa sababu waliokitunga hawakupata kitu kingine kinachofanya kazi kubwa namna ile bila kujitangaza. Mtu anayetangaza jina lake nchi nzima akajichagulia neno hilo, kati ya maneno yote, ama hakukisoma kitabu ama alikisoma akakidharau.

Mzee Hongdu, mkuu wa nyumba, aliyemfundisha Lanyu na baadaye binti yake, aliinama akasema amri imesikika. Wanakili wengine wakainama. Suwen naye aliinama, na mpaka leo shingo humuuma akikumbuka. Baadaye alimfuata mzee chumbani kwake, akamkuta anakoroga chai iliyokwisha kupoa. Alimuuliza, kwa upole wake ule, msomaji atakapofika kwenye herufi iliyokatwa mguu atatamka nini.

"Hatatamka kitu, mwanangu. Atavuta pumzi, kama tunavyovuta mahali pengine kitabuni," alisema Mzee Hongdu.

"Pengine wapi, Mwalimu?"

Mzee aliangalia chai. Alikuwa amejikwaa na alijua amejikwaa.

Katika Kitabu cha Bonde kuna alama zisizo na sauti. Msomaji akizifikia hunyamaza, huvuta pumzi, na ukumbi mzima huvuta pamoja naye, kisha usomaji unaendelea. Suwen alifundishwa na mama yake kwamba hayo ni mapafu ya kitabu. Alizipenda kuliko herufi zote. Alipokuwa msichana alikuwa akisubiri zifike, kifua kikijaa pamoja na vifua vya watu wazima, akihisi kwamba kitu kikubwa kinapita ukumbini bila jina. Sasa Mzee Hongdu, macho hayatoki kwenye kikombe, akamwambia kwamba zilikuwa herufi kama nyingine. Kila moja ilikuwa jina la mtawala fulani. Ilipunguzwa mkato mmoja kwa heshima, mtawala akafa, na hakuna aliyetoa amri ya kuurudisha. Wanakili wa Nyumba ile hawaongezi kitu wala hawapunguzi. Wao ni waaminifu. Walikuta herufi kilema, wakainakili ikiwa kilema, kwa uzuri wote waliokuwa nao, mpaka ikasahauliwa kwamba iliwahi kutembea.

Suwen alimuuliza ni maneno gani. Mzee akasema hayajui, aliyemfundisha hakuyajua, huenda hakuna anayeyajua tena. Alilijua moja tu, kwa kunong'onezwa na marehemu fulani. Ule mstari wa mwenye ghala: mwenye ghala akisema (pumzi), mlango wake hulala wazi. Pale palikuwa na neno "yatosha". Kulikuwa na mtawala aliyejiita hivyo.

Suwen alirudi kwenye meza yake akakaa.

Yatosha. Nchi yenye ghala saba za mtawala na watu wanaofunga mikanda, na hakuna hata mmoja anayejua kusema yatosha. Walisema nini walipoongezewa kodi? Walivuta pumzi. Walisema nini walipochukuliwa watoto kwenda kujenga ukuta unaozunguka ukuta? Walivuta pumzi, wakaona ni ibada.

Na mengine yale? Huenda lilikuwapo neno la mtu anayekataa bila kuomba radhi. Huenda lilikuwapo neno la kumwambia mkubwa kwamba ni wangu huyu, mwache. Unahisi kitu kifuani, unafungua kinywa, kinatoka hewa.

Mama, ulijua?

Mama hajibu, mama ni mwandiko. Suwen akafungua nakala kwenye mstari wa mwenye ghala akatafuta dalili ya ukaidi. Labda mkono ulisita. Labda kuna tone la hasira, doa, mtetemo mahali ambapo mkato ulipaswa kuwa. Aliinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ncha ya kidole. Hapakuwa na kitu. Herufi kilema ya Lanyu ilikuwa nzuri kupita zote katika ukurasa, imetulia, imekaa sawa kwenye nafasi yake kama mtu aliyekatwa mguu na akafundishwa kutabasamu. Mama alitii vizuri. Alitii kwa ufundi mkubwa sana. Na Suwen, aliyekuwa amesubiri maisha yake yote kuwa mkono ule, alihisi hasira ambayo hakuijua ina mlango gani wa kutokea, kwa sababu huwezi kumgombeza marehemu na huwezi kumsamehe akiwa ndani ya kidole chako mwenyewe.

Alimwaza yule wa kwanza kabisa, asiyejulikana jina, aliyeinua brashi mapema kwa mara ya kwanza. Je, alilia? Pengine alijiambia ni mkato mmoja tu, nani anaweza kuugombania. Pengine aliogopa kwa ajili ya kidole chake, na si haki kumcheka mtu kwa kukipenda kidole chake. Pengine yule wa kwanza ni mimi, aliwaza Suwen, kwa kuwa mwaka ni wa kwanza daima. Nimeketi hapa kabla ya mama kuzaliwa. Nimemzaa mama kwa woga wangu. Nikiinua mkono mapema leo, kuna msichana atakayekaa ukumbini akisubiri pumzi ya maji ifike, kifua kimejaa furaha, na hatajua kwamba ana kiu.

Lakini kidole ni kidole, na Renkai hakuwa mjinga. Aliweka kiti chake cha kukunja nyuma ya Suwen, na kila herufi ya maji ilipokaribia kuteremsha mguu, mkono wake msafi ulimshika kiwiko kwa chini na kukiinua, taratibu, kama anayemsaidia mzee kupanda ngazi. Siku zote za kunakili zilikwenda hivyo. Nakala mpya ikakamilika. Ilikuwa nzuri, na hilo lilimchukiza Suwen kuliko yote. Maji yalisimama ukurasa baada ya ukurasa, kila herufi bila mguu wake, safi kabisa.

Siku ya kusoma ukumbi ulijaa. Walipanda watu wa mjini na wa mashambani, wakaketi kando ya kuta kuzunguka tanuri lililokuwa limewashwa. Paa la ukumbi liko wazi katikati ili moshi utoke, na jua la mchana lilianguka moja kwa moja kwenye sakafu ya mawe. Meza ya Suwen ilikuwa karibu na tanuri. Upande mmoja ililala nakala mpya, upande mwingine ya mama. Alianza kusoma kwa sauti yake ya kawaida. Alipoufikia mstari wa kwanza wenye herufi iliyokatwa, hakuvuta pumzi. Alitamka.

"Yaulize maji kwao ni wapi, yataendelea kushuka."

Alisubiri mikono ya askari waliokuja na Renkai. Haikuja. Alipofungua kinywa kutamka, ukumbi mzima ulikuwa tayari umeinua vifua ukavuta pumzi kwa pamoja, pumzi kubwa, ya ibada, na neno likamezwa humo. Hakuna aliyelisikia. Renkai mwenyewe alikuwa amefumba macho, kifua kimejaa. Kitabu walikijua kwa moyo, na mlangoni walikuwa wameelekezwa mara moja tu mahali ambapo pumzi zimeongezwa; walikuwa wepesi wa kujifunza. Suwen akasoma mstari wa pili akalitamka kwa nguvu zaidi, wakavuta kwa nguvu zaidi. Akalitamka akiwatazama usoni, mmoja mmoja, na kila uso aliouona ulikuwa na amani. Hapo alielewa kwamba hawakuhitaji hata kukatazwa. Koo zilikuwa zimewakauka, na walikuwa wakimsaidia Renkai kazi yake bure.

Usomaji ulipokwisha, Renkai alitangaza kwamba nakala imekubaliwa. Akamwonyesha Suwen tanuri. Kilichobaki ni mkono wake kuichukua nakala ya mama na kuitia motoni, na baada ya hapo pasingekuwa na mahali popote duniani ambapo maji yangekuwa na mguu wake.

Suwen aliinuka. Kando ya tanuri hukaa ndoo ya kuzimia moto, na juu ya ndoo siku ile palikuwa pamelazwa brashi kubwa ya kuandikia mabango, urefu wa ufagio. Aliichukua, akaichovya ndani ya ndoo, akainama na kuandika kwenye mawe ya sakafu. Uti wa mgongo na ndoana yake. Bawa. Kistari kinachoingia. Kisha mguu, mrefu, akaubonyeza kisiginoni na kuuachia polepole, na hapakuwa na mkono wa mtu chini ya kiwiko chake. Herufi ya maji, imeandikwa kwa maji, nyeusi juu ya jiwe la kijivu, kubwa kama mkeka wa kulalia. Akasogea hatua akaandika nyingine. Aliandika kwa kuzunguka, na duara lilipofunga, yeye, meza, tanuri na nakala ya mama vilikuwa ndani, na watu wote wengine walikuwa nje.

Renkai aliamuru askari wamkamate. Askari wa kwanza alikimbia mpaka ukingoni akasimama na mguu mmoja hewani. Mbele yake lilikuwa jina la mtawala, kamili, na jina la mtawala halikanyagwi. Lingekatwa mguu, lisingekuwa jina, naye angepita juu yake kama anavyopita juu ya sakafu yoyote. Lakini lilikuwa zima. Mmoja akapendekeza lifunikwe kwa mkeka, mwenzake akamkumbusha kwamba kufunika ni kufuta. Renkai aliwatukana, na walipomwomba basi atangulie yeye, alirekebisha kola yake.

"Suwen," alisema, "jua ni kali. Litakauka lenyewe, na hiyo si kufuta. Mimi nina subira."

"Najua," alijibu Suwen. "Kidole utakipata, Mheshimiwa. Kitabu hutakipata."

Akaendelea kuandika. Lililotangulia kukauka alilirudia, akazunguka, akalirudia jingine. Alikuwa anahema. Mkono haukuwa wa mama sasa. Mama hakuwahi kuandika kwa hasira, na mguu wa kila herufi ulitoka mnene kuliko kanuni inavyoruhusu. Bado nimekukasirikia, alimwambia mama kimoyomoyo, nakulinda nikiwa nimekukasirikia, usidhani yamekwisha. Watu kando ya kuta walitazama. Brashi ilianza kukwaruza sehemu ya chini ya ndoo. Ilipokosa kabisa cha kuchovya, Suwen alisimama wima, akawageukia, akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo:

"Leteni maji."

Wakavuta pumzi. Wote, kwa pamoja.

Herufi ya kwanza ilikuwa imebaki mguu tu. Ya pili ilikuwa inafifia kutoka juu kwenda chini. Renkai alisogea mpaka ukingoni, akainua kiatu chake kisafi, akakiweka tayari. Mzee Hongdu alikuwa amesimama mlangoni, mgongo umepinda, mtu aliyeinama mbele ya kila tangazo tangu ujana wake, na yeye peke yake ukumbini hakuwa amevuta pumzi. Alimtazama Suwen, akatazama kiatu, kisha akawageukia waliokuwa wamejazana nje uani, karibu na kisima.

"Maji," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo. Nje mtu mmoja akauliza, kwa dhati kabisa, kama ambaye hajawahi kulisikia neno lenyewe, "Umesema nini, Mzee?"

Na Mzee Hongdu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakasirika.

"Nimesema maji. Maji, maji. Una masikio, una mikono, na kisima kiko nyuma yako. Chota."